Msimamizi Aliyemtetea Mholanzi

Sitasema alizaliwa mwaka gani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na majibu mawili, moja la pasipoti na moja la mama yake, na yalipishana kwa miaka sita. Ninachoweza kusema ni kwamba tulifanya kazi pamoja Doha kwa zaidi ya miaka kumi, yeye akiwa msimamizi wa walinzi na mimi karani wa mahudhurio wa kampuni hiyohiyo, na kwamba kila mtu alimwita Msimamizi. Hata Mhindi wa duka la chini ya nyumba yetu, mtaani Najma, alimwita hivyo kwa Kiswahili bila kujua maana yake. Alidhani ndilo jina alilopewa na baba yake.

Alitoka visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya. Alikuwa mrefu, mwembamba, na masikio yake yalisimama kama milango ya gari iliyoachwa wazi. Masikio hayo yalikuwa ushahidi wake wa kwanza. Wiki niliyoanza kazi alinishika bega, akanitoa nje juani, akageuza kichwa.

"Karani, unaona nini?"

"Naona sikio."

"Rangi yake?"

"Jekundu kidogo."

"Basi. Hilo si letu. Hilo ni la Mholanzi."

Kwao walisimulia kwamba babu wa babu wa babu yake alikuwa Mholanzi aliyeshuka kutoka merikebu, akaoa bibi yao, akabaki hapo hadi kufa. Jina lake Yani. Na alikuwa nahodha. Kila mara nilipoisikia hadithi hiyo mengine yalibadilika, lakini unahodha haukuguswa. Mimi ni mtu wa bara, kidato cha nne, na kwetu hakuna mtu aliyeshuka kutoka popote. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Kwa mtu wa ukoo wa mabaharia, aliogopa maji kupita kiasi. Kampuni ilipopata kazi ya kulinda jengo moja The Pearl, kile kisiwa kilichojengwa juu ya bahari, alipangiwa lango linalotazama gati la mashua za wenye nafasi. Alisimama zamu nzima ameipa bahari mgongo. Siku moja mpangaji mmoja, kwa wema tu, alimkaribisha aione mashua yake mpya. Msimamizi aliweka mguu mmoja ndani, mashua ikatikisika kidogo, akarudi nchi kavu na kutapika kwenye chungu cha maua. Kisha akafungua kitabu cha matukio akaandika: "Saa nne na robo asubuhi. Msimamizi ametapika. Hali imedhibitiwa."

Nilimuuliza nahodha wa aina gani anazaa watu kama hawa.

"Yeye alimaliza bahari yote," akasema. "Hakutuachia."

Viazi alivila kila siku na kuviita chakula cha ukoo. Jibini ilimshinda. Alinunua kipande cha jibini ya Kiholanzi, akakila amefumba macho mbele ya chumba kizima, watu sita, akakimbilia chooni. Aliporudi alisema kwamba damu imeshachanganyika mno na nazi.

Kitabu cha matukio kilikuwa dini yake ya pili. Walinzi wengine waliandika "Hakuna tatizo" wakaenda kulala. Yeye aliandika kila kilichopita langoni. Nimesoma kwa macho yangu: "Saa kumi na mbili na dakika nne. Paka mweupe ameingia lango la pili. Hakuonyesha kitambulisho. Ameelekea ghorofa za juu." Na chini yake, saa moja baadaye: "Paka ametoka. Hakubeba kitu." Aliwafundisha vijana wapya sheria moja tu: andika ulichokiona, weka saa, weka jina lako. Mtu akiandika "nadhani", alimrudisha akaandike upya. Ni yeye huyuhuyu aliyekuwa na nahodha asiye na karatasi hata moja, na mimi nikimkumbusha hilo alikasirika mpaka masikio yakawa ya Kiholanzi kabisa.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa Odhis, mlinzi kutoka Nairobi aliyelala kitanda cha juu yake.

"Msimamizi, huyo guka wako alikuwa captain ama alikuwa anaosha masufuria?"

"Nahodha."

"Sawa, captain. Na meli aliacha wapi? Aliipark?"

"Odhis, kesho uko lango la jua."

"Aki mzee, ni kuuliza tu!"

Lango la jua ni lile lisilokuwa na kivuli hata cha nguzo. Odhis alilifahamu vizuri.

Mambo yalibadilika siku Msimamizi alipogundua kwamba mpangaji wa ghorofa ya kumi na moja alikuwa Mholanzi. Alikuwa mama wa makamo, mhandisi wa kuta za kuzuia bahari. Alikuja kuchukua kifurushi, akatoa bataka, kitambulisho chetu cha ukaazi, na Msimamizi akaona uraia wake. Akasimama wima, akapiga saluti.

"Madamu," akamwambia kwa Kiingereza chake cha langoni, "sisi ni jamaa."

Yule mama alimtazama, akatazama kifurushi, akauliza kama kuna ada ya kulipa. Ilichukua dakika ishirini na sikio moja kumweleza. Mtu mwingine angepiga simu kwa uongozi wa jengo. Yeye alicheka hadi akakaa kwenye kiti cha mlinzi, kisha akasema jambo lililotuharibia Ijumaa zetu zote za miaka minne iliyofuata: kwamba vitabu vya zamani vya kampuni ya merikebu ya Waholanzi bado vipo, kwamba kila baharia ana mahali pake, na kwamba nyumba ya nyaraka kwao imeanza kuviweka kwenye intaneti, mtu yeyote asome.

Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala tulikwenda duka la intaneti Najma, yeye na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kompyuta. Kwenye skrini zilitokea kurasa za rangi ya chai, mwandiko kama njia za siafu. Mimi sikuona kitu. Msimamizi alisogeza kiti, akavaa miwani.

"Karani," akasema, "hii ni fomu yetu."

Na kweli. Jina. Atokako. Kazi. Chombo alichopangiwa. Siku aliyoanza. Na mwisho kabisa, namna alivyoondoka: amekufa, amerudi kwao, au vinginevyo. Mama wa Kumi na Moja, kama tulivyomwita yule mpangaji, alimfundisha maneno yale machache ya safu ya mwisho, na kwa hayo tu akazisoma kurasa kama mtu aliyezaliwa ofisini.

Tatizo lilikuwa kwamba nusu ya Waholanzi waliopanda merikebu waliitwa Yani. Msimamizi alichukua kitabu kipya cha wageni, kile cha langoni, akaanza kuwaandikisha. Safu zilikuwa zimechapwa tayari: jina la mgeni, atokako, amekuja kumwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kwenye "amekuja kumwona nani" aliandika kila mara, "Bibi yetu." Kisha akawahoji mmojammoja, kwa sauti, chumbani, sisi tukijaribu kula.

"Huyu alizama kabla merikebu haijatoka bandarini. Hata kazi hakuanza. Toa."

"Pole yake," Odhis akasema kutoka juu.

"Huyu ana mguu wa mti. Kwetu wangekuwa bado wanasimulia. Toa."

"Na huyo mwingine?"

"Mpiga ngoma."

"Mzee, huyo ndiye. Wewe hujui kuimba lakini huachi."

"Lango la jua, Odhis."

Siwezi kukumbuka ni Yani wangapi walioingia na kutoka katika kitabu kile. Najua kwamba kilijaa, akaanza cha pili. Mpaka Ijumaa moja akampata Yani ambaye merikebu yake iliingia visiwa vya kwao kutafuta maji ya kunywa, ikaondoka bila yeye. Ni yeye pekee wa namna hiyo. Tukachapisha ule ukurasa, tukampelekea Mama wa Kumi na Moja, naye akausoma amesimama kando ya lifti.

"Inawezekana ni yeye," akasema. "Hakika hakuna. Lakini inawezekana."

"Inatosha," akasema Msimamizi. "Nahodha?"

Yule mama akashusha karatasi. "Msaidizi wa mpishi."

Nilifurahi kwamba Odhis hayupo. Lakini Msimamizi alilimeza vizuri kuliko jibini. "Kupika si aibu," akasema. "Hata mimi napika. Na mwisho wake wameandikaje?"

"Neno moja tu," akasema mama. "Ametoroka."

Hapo uso wa Msimamizi ulisawijika. Inabidi nieleze kwa nini, kwa msomaji ambaye hakufanya kazi kule. Mlinzi asipoonekana kazini kwa siku kadhaa, msimamizi hutia sahihi karatasi ya utoro, karani huipeleka, na karatasi ile huingia kwenye kompyuta za serikali. Kuanzia hapo mtu huyo, akisimamishwa popote, ni mtoro. Hurudishwa kwao, na mlango wa kurudi umefungwa. Msimamizi alikuwa ametia sahihi karatasi kama hizo kwa miaka. Mimi nilizipeleka kwa miaka hiyohiyo. Hakuna aliyekosa usingizi.

"Mpishi sawa," alisema tulipokuwa tunarudi. "Lakini mtoro? Ukoo mzima umetokana na mtoro?"

"Msimamizi, imepita miaka mia mbili na zaidi."

"Na bado imeandikwa."

Kwa wiki mbili hakugusa viazi. Kisha akaniita, akasema tuandike barua kwenda nyumba ya nyaraka Uholanzi, kukata rufaa. Nilidhani anatania. Nilichapa barua ile mwenyewe kwa Kiingereza, na naikumbuka karibu yote. Ilianza kwa kujitambulisha kuwa ni msimamizi wa ulinzi mwenye uzoefu wa muda mrefu. Ikaeleza kwamba taarifa ya kutoroka kwa Yani haijakamilika: haikutaja nani alimwona mwisho wala saa ngapi, haikuonyesha kama alitafutwa kwa wagonjwa, kwa wenyeji, kwa rafiki zake, haina sahihi ya shahidi. Inawezekana alitumwa maji. Inawezekana aliugua. Inawezekana merikebu ndiyo iliyomwacha, na kwa hali hiyo merikebu ndiyo iliyotoroka. Aliomba neno lile liondolewe na mahali pake pawekwe "Hajulikani alipo, uchunguzi unaendelea."

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, la adabu sana. Walisema nyaraka za zamani hazibadilishwi, ila barua yake imepokelewa, imepewa namba, na itatunzwa. Mimi niliona wamekataa. Yeye aliifanyia jalada la plastiki.

"Wameikubali rufaa," akawaambia watu chumbani. "Inasubiri kusikilizwa."

"Judge atakuwa nani? Yani?" akauliza Odhis.

Lango la jua.

Tungeweza kuishia kwenye kicheko hicho, na ningekuwa mtu mwenye amani zaidi leo. Lakini barua ile, aliyoiandika kwa ajili ya marehemu, ilimfunga yeye mwenyewe. Karatasi ya kwanza ya utoro iliyomfikia baadaye, ya mlinzi mmoja wa Uganda, hakuisaini. "Umeuliza hospitali?" akaniuliza. Sikuwa nimeuliza, hatukuwa tukiuliza. Akaenda mwenyewe siku yake ya mapumziko, akamkuta yule Mganda kalazwa, mguu umefungwa hadi nyonga, ameshangaa kuona mgeni. Tangu siku hiyo karatasi zote zilikaa kwake mpaka atafute. Mudiri, mkubwa wetu wa ofisi, alianza kukosa subira. "Mwambie rafiki yako," alinifokea, "sisi ni kampuni ya ulinzi. Hatutafuti watu, tunatafuta walinzi." Nilimfikishia. Msimamizi aliandika maneno yale kwenye kitabu cha matukio, na saa.

Kisha Odhis akapotea.

Alikuwa amehamia kwa binamu yake huko Al Wukair, kusini mwa Doha, simu yake haikupatikana, siku tatu, siku nne. Mudiri alitaka karatasi. Alhamisi mchana Msimamizi alikuja mezani kwangu.

"Naenda Al Wukair kumtafuta Odhis. Nina siku mbili za mapumziko, nikizidisha niombee ruhusa. Andika."

"Nitaandika," nikasema.

Ijumaa jioni alinipigia. Alikuwa amempata. Binamu yake Odhis alikuwa safarini, naye Odhis, mtu mzima wa miaka thelathini, alikuwa na tetekuwanga, amelala peke yake amejipaka dawa ya rangi ya waridi mwili mzima, anaona haya kutoka. "Yuko kama keki ya harusi," Msimamizi akasema, na nyuma yake nikamsikia Odhis akilalamika, "Mzee, usiniseme bana, ni siri!" Nilicheka. Akasema homa ni kali, atakaa naye hadi ishuke, nimwambie mudiri.

Sikumwambia. Jumamosi mudiri alikuwa amekasirika, nikasema kesho. Jumapili alikuwa amekasirika zaidi. Jumatatu, siku ya pili ya Msimamizi kukosa zamu, mudiri alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Fomu yangu ya mahudhurio ilikuwa na visanduku vinne: yupo, mgonjwa, likizo, mtoro. Hapakuwa na kisanduku cha aliyekwenda kumuuguza mwenzake.

"Huyu yuko wapi?" akauliza, kidole juu ya jina la Msimamizi.

Ningefungua mdomo, swali linalofuata lingekuwa kwa nini sikusema siku zote hizo. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikasema, "Sijui."

"Kama hujui, jaza kama wengine. Yalla."

Nikajaza. Hebu sasa uone jinsi karatasi zilivyo. Ya Odhis haikwenda popote, kwa sababu haikuwa na sahihi ya msimamizi, na Odhis alirejea kazini baadaye na madoa yake kama hakuna lililotokea. Ya Msimamizi haikuhitaji sahihi ya msimamizi, kwa kuwa msimamizi ndiye mtoro. Ilihitaji yangu tu. Jumatano, akiwa njiani kurudi, polisi walikagua bataka yake barabarani kama wanavyokagua za watu wote, na kompyuta ikasema nilichoiambia.

Hata hapo ningeweza kuirudisha karatasi ile. Odhis alikuja kunililia aliposikia. "Si ulijua alikuwa kwangu? Si alikupigia nikiwa hapo?" Nikamwambia mambo yako mikononi mwa mudiri. Nilikaa kimya siku kumi na moja. Mkataba wangu ulirefushwa.

Nilimwona mara ya mwisho kwenye kituo cha wanaosubiri kusafirishwa. Nilimpelekea sanduku lake, vile vitabu viwili vya wageni, na jalada la plastiki. Alitoka amevaa ndara, amekonda, masikio makubwa kuliko zamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliketi, akachukua kalamu yangu mfukoni mwangu, akafungua kitabu cha wageni kwenye ukurasa mtupu.

"Nani aliyejaza?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika kumi. Jumatatu."

"Uliuliza hospitali?"

"La."

"Ulijua niko wapi?"

Mlinzi wa kituo alikuwa anatutazama. Nikasema, "Nilijua."

Akaandika. Kisha akanisukumia kitabu na kalamu. "Sasa andika wewe. Nakala tatu. Moja ya kampuni, moja yangu, moja ya Uholanzi."

"Uholanzi? Msimamizi, kesi hii ya Doha, Waholanzi watafanya nini nayo?"

"Watatunza," akasema. "Hapa nani atatunza? Wewe?"

Nikaandika. Niliandika kwamba siku ile mtu huyu hakutoroka. Kwamba alikuwa Al Wukair akimuuguza mwenzake. Kwamba alinipa taarifa mara mbili, kwa mdomo na kwa simu. Na kwamba, kwa bahati mbaya, mimi karani sikuifikisha. Nakala ya kampuni niliipeleka kwa mudiri kesho yake. Aliisoma, akasema faili limefungwa, na ndivyo lilivyo hadi leo ninapoandika haya nikiwa nyumbani na miaka sabini na kitu. Ya Uholanzi niliituma, nao wakaipa namba.

Lakini siku ile, kabla hatujaitwa, aliichukua karatasi akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kama alivyozisoma zile kurasa za rangi ya chai. Alisimama mahali pamoja, akanirudishia.

"Hapa. Toa 'kwa bahati mbaya'."

"Kwa nini?"

"Bahati haikuwa na zamu siku ile, Karani. Zamu ilikuwa yako."

Nikakata maneno yale, katika nakala zote tatu, nikaweka saa, nikaweka jina langu.